Bikaboneti ya Mto Simiyu: ni hewa ukaa iliyoondolewa angani, au ni hesabu ya zamani inayouzwa upya?

Katibu_Magu aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Na wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa pamba na mpunga wilayani Magu, si mbali na mahali barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapovuka Mto Simiyu. Hivi karibuni tumetembelewa na watu wanaojitambulisha kuwa washauri wa biashara ya kaboni. Hoja yao, kama nilivyoielewa, ni kwamba maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua hewa ukaa na kuwa asidi dhaifu, asidi hiyo huyeyusha chokaa iliyomo ardhini, na kinachobaki katika maji ni bikaboneti inayosafiri mpaka Ziwa Victoria. Kwa kuwa majibu ya maabara waliyotuonyesha yanaitaja bikaboneti kuwa ndiyo ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) nyingi kuliko zote katika maji ya mto wetu, wanasema bonde letu linaondoa hewa ukaa angani kila msimu wa mvua, na kwamba kiasi hicho kinaweza kupimwa pale darajani, kuandikwa na kuuzwa, kama vile vijiji vya Wilaya ya Tanganyika huko Katavi vinavyopata fedha kwa kutunza misitu. Wanapendekeza pia tumwage chokaa ya kilimo mashambani ili kiasi hicho kiongezeke.

Wanakikundi wamefurahi, nami sipendi kuwavunja moyo pasipo sababu. Hata hivyo mambo mawili yananikera. Kwanza, hiyo chokaa iko wapi? Mawe ya huku kwetu ni majabali ya graniti, kuanzia Mwanza mjini hadi vijijini, na chokaa ya kupaka nyumba tunainunua dukani. Pili, hata kama kaboni hiyo ipo, ikishaingia ziwani inakwenda wapi, na inakaa huko muda gani? Naomba majibu ya watu wanaoyajua mambo haya, kwa kuwa tumepewa karatasi za kutia saini.

Mwamba_wa_Kale alijibu:

Marahaba, Katibu. Macho yako hayajakudanganya. Mwanza, Magu na sehemu kubwa ya bonde la Simiyu zimekaa juu ya kitako cha kale cha bara, chenye graniti, naisi na mikanda ya miamba ya kijani ambayo umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Mawe ya chokaa yaliyojengeka baharini, kama yale ya mapango ya Amboni kule Tanga au yanayochimbwa Wazo Hill kwa ajili ya saruji, huku hayapo. Ukitaka dolomaiti ya kale, jamii ya chokaa yenye magnesiamu, itakubidi uende Kigoma, na maji ya huko huingia Ziwa Tanganyika. Kandokando ya ziwa letu, kaboneti ya mwamba (madini ya jamii ya chokaa) inayoonekana kwa macho kama kilima ipo upande wa Kenya, kwenye Mlima Homa, nayo ni ya asili ya volkano. Maji yake hayana njia ya kufika Simiyu.

Lakini bikaboneti haihitaji chokaa ili itokee. Asidi ile ile ya kaboni huishambulia felspa, madini yaliyomo kwenye graniti, taratibu sana, ikaacha udongo wa mfinyanzi, na maji yakaondoka na sodiamu, kalisi, silika na bikaboneti. Mtu akipima bikaboneti peke yake hawezi kujua kama imetoka kwenye chokaa au kwenye graniti, na hapo ndipo tofauti yote ya hesabu ilipo.

Tuchukue mfano wa maji yenye miligramu 122 za bikaboneti kwa lita. (Huu ni mfano wa kuhesabia tu, si kipimo cha Simiyu.) Hizo ni milimoli 2 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), zenye miligramu 24 za kaboni. Kama bikaboneti yote imetokana na kuyeyuka kwa kaboneti, basi miligramu 12 zimetoka kwenye hewa ya udongoni na nyingine 12 zimetoka ndani ya jiwe lenyewe, kwa sababu kila molekuli moja ya hewa ukaa hutoa molekuli moja ya kaboneti kwenye jiwe na kuzaa bikaboneti mbili. Kama yote imetokana na felspa, jiwe halikuwa na kaboni ya kutoa, kwa hiyo miligramu zote 24 zimetoka hewani. Mtu anayezidisha bikaboneti yote kwa wingi wa maji ya mto na kuiita hewa ukaa iliyoondolewa, ilhali anasema chanzo chake ni chokaa, tayari amejipa maradufu ya anachostahili, na hapo bado hatujafika ziwani.

Mwisho wa safari nao una hesabu yake. Kalisi na bikaboneti zikifika baharini, viumbe hutengeneza makombe na matumbawe. Kalisi moja huchukua bikaboneti mbili, moja ikawa kaboneti na nyingine ikarudi kuwa hewa ukaa. Kwa upande wa chokaa, miligramu 12 zilizochukuliwa hewani zinarudi zote na hesabu inafungwa kwa sifuri. Kwa upande wa felspa yenye kalisi, 12 zinarudi na 12 zinabaki ndani ya jiwe jipya. Kwa sababu hiyo wanajiolojia husema kulika kwa miamba ya silika kama graniti ndiko kunakodhibiti hewa ukaa kwa mamilioni ya miaka, kukisawazisha kile ambacho volkano hutoa. Nikumbushe pia kwamba graniti ya huku ina sodiamu na potasiamu nyingi, na hizo hazitengenezi makombe kama kalisi, kwa hiyo hata kwa graniti si kila bikaboneti inayoishia kuwa jiwe.

Nansio_Maabara alijibu:

Nakubaliana na Mwamba_wa_Kale, ila nataka niongeze namna ya kutenganisha vyanzo hivyo, kwa kuwa si jambo la kubahatisha. Maabara ikishapima kalisi, magnesiamu, sodiamu, kloraidi, salfeti, silika na ualkali (uwezo wa maji kupunguza makali ya asidi), tunatazama uwiano wa kalisi kwa sodiamu, zote zikiwa katika moli. Maji yaliyopita kwenye chokaa tupu huwa na uwiano unaokaribia 50, na yaliyopita kwenye miamba ya silika pekee huwa karibu na 0.35, takwimu hizo zilitokana na uchambuzi wa mito mikubwa ya dunia uliochapishwa mwaka 1999, na bado ndizo zinazotumika kama alama za kuanzia. Mto wowote halisi huangukia katikati. Kabla ya kugawanya, inapasa kwanza kutoa kilicholetwa na mvua, na kuwa mwangalifu na kloraidi, kwa sababu bara kama huku sehemu kubwa yake inaweza kuwa imetoka kwenye maji taka na si kwenye mvua.

Hiyo ndiyo sababu sampuli ya Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza, isingekusaidia hata kidogo: zege na vumbi la saruji huyeyuka na kuongeza kalisi, na vyoo huongeza karibu kila kitu kingine. Simiyu ni afadhali, ingawa mifugo inayonyweshwa mtoni nayo huacha alama yake.

Jambo la pili ambalo washauri wenu hawakuligusa ni aina ya asidi. Si kila chokaa huliwa na asidi ya kaboni. Kwenye miamba ya kijani, ile yenye dhahabu, mna pairaiti, madini ya chuma na salfa, na pairaiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa. Asidi hiyo ikiila kaboneti hutoa bikaboneti ambayo kaboni yake yote imetoka kwenye jiwe, wala haikuchukua hewa ukaa yoyote. Bikaboneti hiyo ikija kugeuka kaboneti tena, nusu ya kaboni yake huingia angani. Mbolea ya amonia nayo hufanya vivyo hivyo, kwani vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi ya nitriki. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa na bikaboneti tele na bado bonde likawa linapoteza kaboni. Mwombeni mshauri awaonyeshe salfeti na naitreti kwenye ripoti yake. Kama hazikupimwa, hiyo si ripoti ya kutilia saini.

Katibu_Magu aliandika:

Nashukuru sana. Karatasi tuliyopewa ina pH, upitishaji umeme, ualkali na ugumu wa maji. Salfeti na sodiamu hazimo.

Mzee mmoja wa kikundi amesimama na hoja nyingine. Anasema kwamba ukichimba kisima kwenye mbuga, chini ya udongo mweusi hutoka vijiwe vyeupe kama kokoto, ambavyo ukivimwagia siki hutoa povu. Je, hiyo si chokaa? Na kama ni chokaa, washauri si wanakuwa na haki?

Udongo_Mweusi alijibu:

Mzee huyo apewe shikamoo yake, kwa sababu ameleta kitu ambacho ramani za jiolojia mara nyingi hazikionyeshi, na ambacho ndicho kinachoifanya Simiyu iwe ngumu kuliko mto unaotoka kwenye mlima wa chokaa.

Povu la siki linathibitisha kwamba vijiwe hivyo ni kaboneti ya kalisi. Lakini si mwamba uliokuwepo tangu zamani. Vimezaliwa ndani ya udongo wenyewe. Katika nchi ya Wasukuma ardhi hushuka kutoka kwenye majabali, ikapita kwenye udongo wa kichanga wa luseni, na kuishia bondeni kwenye mbuga. Felspa huliwa huko juu, kalisi na bikaboneti zikateremka na maji, na zikifika mbugani, ambako mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi na jua la kiangazi hukausha kila kitu, maji hukolea mpaka kaboneti ikajitenga na kuganda kuwa vinundu. Kila kiangazi huongeza kidogo. Masika yakija, maji yenye hewa ukaa nyingi kutoka kwenye mizizi na vijidudu (hewa ya udongoni huweza kuwa na hewa ukaa mara kumi hadi mara mia ya ile ya angani) huyeyusha sehemu ya vinundu hivyo na kuisukuma mtoni.

Sasa angalia kinachotokea kwenye hesabu. Mpimaji aliyesimama darajani wakati wa masika ataona kalisi nyingi kuliko sodiamu, atatumia uwiano alioueleza Nansio_Maabara, na atahitimisha kwamba bonde lina chokaa. Hatakuwa amekosea kuhusu kemia, kwa maana ni kweli kaboneti imeyeyuka. Atakuwa amekosea kuhusu asili. Kalisi ile ilitoka kwenye graniti na faida yake kwa angahewa ilikwisha kupatikana siku kinundu kilipoganda, pengine maelfu ya miaka iliyopita. Leo kinapoyeyuka kinachukua hewa ukaa kiasi kile kile kilichotoka wakati wa kuganda. Akiihesabu kama faida mpya anahesabu mara mbili shehena moja iliyokuwa imeegeshwa njiani.

Kipimo kinachoweza kuufumbua mfumo huu ni isotopu za strontiamu, yaani atomi zake zenye uzito tofauti. Strontiamu hufuatana na kalisi kokote iendako, na uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 hurithiwa kutoka kwenye mwamba mama bila kubadilishwa na kuganda wala kuyeyuka. Graniti ya kale yenye rubidiamu nyingi huwa na uwiano wa juu, na chokaa ya baharini huwa na uwiano wa chini unaofuata bahari ya zama zake. Vinundu vya mbugani vikiwa na sura ya graniti, jibu litakuwa limepatikana. Nikiri kwamba kipimo hiki ni ghali na hakifanyiki kwenye maabara ya kawaida ya maji, lakini mtu anayetaka kuuza kaboni kwa mkataba wa miaka mingi ndiye anayepaswa kukigharamia, si wakulima.

Kuhusu kumwaga chokaa, nitasema kwa ufupi. Mbuga yenye vinundu tayari imeshiba kaboneti, na chokaa utakayoimwaga itakaa pale pale kama ulivyoiweka. Kwenye luseni yenye asidi inaweza kusaidia mazao, na hiyo ni sababu halali ya kuitumia. Ila mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi), ambao nchi huutumia kuhesabu gesi zake, huichukulia chokaa ya shambani kuwa chanzo cha hewa ukaa: tani moja ya mawe ya chokaa yaliyosagwa huandikiwa tani 0.12 za kaboni inayotoka, na dolomaiti tani 0.13. Hicho ni kiwango cha tahadhari, kwa kuwa kinachukulia kaboni yote ya jiwe inaishia angani, lakini maana yake ni kwamba kile ambacho washauri wanataka kukiuza kama mapato, daftari la nchi linakiandika kwenye matumizi.

Mvuvi_wa_Ghuba alijibu:

Nimewasoma kwa makini wote, na naona mnaelekea upande mmoja mno. Naomba kutofautiana kwa heshima.

Mwamba_wa_Kale anahesabu mpaka baharini na kwa mamilioni ya miaka. Mkataba wa kaboni hauendi hivyo. Bikaboneti iliyofika baharini huweza kukaa humo makumi ya maelfu ya miaka kabla haijawa kombe, na kwa maisha ya binadamu hiyo ni sawa na kukaa milele. Kwa kipimo hicho, hata kulika kwa chokaa halisi kunastahili kuhesabiwa, angalau ile nusu iliyotoka hewani. Wapo pia watafiti, hasa wanaofanya kazi kwenye nchi ya chokaa ya kusini-magharibi mwa China, wanaosema kwamba mimea ya majini hutumia bikaboneti kwa usanisinuru na kuizika sehemu yake kwenye mashapo kama kaboni hai, kwa hiyo si lazima nusu irudi hewani. Sisi tunaoishi kwenye Ghuba ya Speke, unakoingia Simiyu, tunaona jinsi maji yanavyogeuka kijani. Mwani wote huo na magugu maji yote yale yanakula nini, kama si kaboni hiyo?

Mwamba_wa_Kale alijibu:

Mvuvi, hoja ya muda naipokea. Kwa miaka mia moja, nusu iliyotoka hewani imetoka kweli, na makadirio ya dunia nzima huonyesha kwamba chokaa, ingawa inafunika sehemu ndogo ya nchi kavu, huchukua hewa ukaa nyingi kidogo kuliko miamba yote ya silika kwa mwaka, kwa sababu huyeyuka upesi zaidi. Kwa pamoja kiasi hicho ni takriban robo ya bilioni ya tani za kaboni kwa mwaka. Si kidogo, lakini kilikuwepo kabla ya viwanda, kabla ya pamba, na kabla ya daraja.

Hapo ndipo mkataba unapokwama, wala si kwenye kemia. Vijiji vya Katavi havilipwi kwa sababu msitu upo; vinalipwa kwa sababu ya kuzuia ukataji ambao ungetokea pasipo mradi. Mto Simiyu ungepeleka bikaboneti ile ile ziwani hata kama kikundi cha Katibu kisingekuwepo. Ili kuwe na kitu cha kuuza, lazima pawepo nyongeza iliyosababishwa na kazi yenu, na nyongeza hiyo itofautishwe na mabadiliko ya mvua, ambayo kwenye mto kama Simiyu, unaopungua sana wakati wa kiangazi na kufurika masika, ni makubwa mno.

Kuhusu mwani, tusiusahau mwili wa ziwa lenyewe. Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, huletwa na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Mwani hauli bikaboneti ya mtoni tu. Huvuta pia hewa ukaa kutoka angani na ile inayotokana na kuoza kwa mwani uliotangulia. Ukijani unaouona ghubani umeletwa zaidi na fosforasi na naitrojeni kuliko na kaboni. Sehemu kubwa ya mwani huo huoza ndani ya maji na kaboni yake hurudi kwenye mzunguko. Kinachozikwa kwenye matope ya chini ni sehemu ndogo, na hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba kaboni fulani iliyozikwa ilitoka kwenye shamba la Magu. Kinachosalia hutoka Jinja na kushika njia ya Nile.

Mvuvi_wa_Ghuba alijibu:

Kwenye nyongeza nimekuelewa, na sina la kupinga. Kwenye mwani bado nadhani tunaudharau, lakini hilo ni la utafiti, si la kumtia Katibu saini.

Katibu_Magu aliandika:

Nimewaelewa, wakubwa zangu. Saini tumeisimamisha. Wanakikundi hata hivyo wangependa kuyajua maji yao wenyewe, mradi au bila mradi, na shule ya sekondari ya jirani ina mwalimu wa kemia aliye tayari kutusaidia. Tuchukue sampuli lini, na kwa namna gani?

Nansio_Maabara alijibu:

Mkiweza, chukueni mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima, na wakati wa vuli na masika ongezeni mara nyingine siku mto unapopanda na unapoanza kushuka. Kiangazi bikaboneti kwa lita huwa juu kwa sababu maji ni machache na yametoka ardhini. Masika huwa chini, lakini maji ni mengi kiasi kwamba jumla inayopita darajani huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo kipimo cha siku moja, kama kile mlichoonyeshwa, hakifai kuzidishwa kwa siku 365. Wingi wa maji ulizieni ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza, maana bila mtiririko hakuna hesabu ya jumla.

Chukueni maji katikati ya mkondo, juu ya mahali mifugo inaponyweshwa. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji yale yale ya mto, ijazeni mpaka pomoni pasibaki hewa ndani, ifungeni chini ya maji, na iwekeni kwenye kisanduku chenye barafu. pH na joto vipimwe pale pale mtoni, kwa sababu hewa ukaa huanza kutoka mara maji yanapotikiswa. Ualkali mwalimu anaweza kuupima siku hiyo hiyo shuleni: achuje maji, atoneshe asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa na yenye nguvu inayojulikana kutoka kwenye bureti mpaka pH ifike karibu 4.5, na aandike ujazo uliotumika. Kwa maji yenye pH ya 7 hadi 8.3, karibu ualkali wote ni bikaboneti. Chupa ya pili, iliyochujwa na kutiwa asidi ya nitriki kidogo, ibaki kwa ajili ya kalisi, magnesiamu na sodiamu. Ya tatu, iliyochujwa bila asidi, ni ya salfeti, kloraidi na naitreti. Msichanganye hizo mbili za mwisho, kwa maana asidi ya nitriki itawaharibia kipimo cha naitreti.

Na vile vijiwe vyeupe vya mzee, wekeni vichache kwenye mfuko wenye lebo inayotaja kisima na kina vilikopatikana.